Kushirikisha umma na athari za kijamii katika utafiti wa afya ya akili: maana yake

Kushirikisha umma katika utafiti wa afya ya akili ni kuwapa wagonjwa, waliopona na ndugu wanaowauguza nafasi ya kuamua pamoja na watafiti nini kichunguzwe, maswali yaulizweje na matokeo yatumikeje. Kumjazisha mtu hojaji si kumshirikisha. Hapo ametoa taarifa tu. Wala si kuitisha mkutano kazi ikishakwisha na kuwasomea watu matokeo. Mimi hupima kwa jambo moja: je, kuna chochote kilichobadilika katika utafiti kwa sababu watu walisema?

Chukua swali linaloulizwa sana kwenye hojaji za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), kama mtu amekuwa na mawazo ya kujidhuru katika wiki mbili zilizopita. Mtafiti huangalia kama swali linaeleweka. Aliyewahi kuugua huangalia nani mwingine yumo chumbani. Mume yupo, mama mkwe anasikiliza, na jibu linakuwa "hapana". Hiyo "hapana" inaingia kwenye takwimu kama kweli. Aliyewahi kuugua angekuwa kwenye jopo linalopanga utafiti tangu mwanzo, angewaambia wamuulize mtu akiwa peke yake, tena wawe wameshaandaa mahali pa kumpeleka akijibu "ndiyo".

Katika maradhi ya akili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu wagonjwa wake wamezoea kuamuliwa. Wengi wamefungiwa au kupewa dawa bila maelezo, na walipolalamika, malalamiko yao yakahesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa.

Athari za kijamii ni mabadiliko yanayotokea nje ya chuo kutokana na utafiti: huduma inaboreka, sera inarekebishwa, mgonjwa anarudi kazini. Makala kunukuliwa na watafiti wengine hakuhesabiki hapa. Uingereza ilianza kuzipa athari hizi alama katika tathmini ya utafiti wa vyuo vikuu ya mwaka 2014, zikiwa na uzito wa asilimia 20. Katika tathmini ya 2021 zikafika 25.

Mfano ninaoupenda ni wa Zimbabwe. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kufanya kazi na akina bibi wa Mbare, Harare, waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii. Waliketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakiwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Daktari alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Mabibi wakamwambia hakuna atakayekubali kuonekana amekaa hapo, likawa Benchi la Urafiki. Kisha likapimwa: jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusisha watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, takriban asilimia 14 ya waliohudumiwa na mabibi walikuwa na dalili za sonona, dhidi ya karibu nusu ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo.

Ushirikishwaji wa namna hii una gharama, na unapaswa kutengewa fungu kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Anayeketi kwenye jopo alipwe muda wake kama mtaalamu mwingine yeyote, na asilazimishwe kusimulia aliyoyapitia ili asikilizwe.