Je, wajua kwa nini batani ya kwenye skrini inasubiri uinue kidole?

Fungua app yoyote kwenye simu yako, weka kidole juu ya batani halafu usikitoe. Batani itabadilika rangi kidogo, yaani imekusikia, ila haifanyi kitu, imekaa tu. Sasa teleza kidole mpaka nje ya batani ndo ukiinue. Hola, hakuna kilichotokea. Rudia tena ila safari hii inua kidole kikiwa bado juu yake, kazi inafanyika hapo hapo. Kumbe siku zote tunasema "nimebonyeza" wakati batani nyingi zinahesabu pale ulipoachia!

Mimi hili lilinikuta kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Niliunda moja ya mayai kama mia hivi, nikafunga kile kiskrini cha tachi cha inchi 2.8 cha bei chee ambacho watu wanakiunga na bodi za ESP32 (vikompyuta vidogo vya kuendeshea vifaa), nikachora batani mbili, ya kujumlisha na ya kutoa, kwa ajili ya kupandisha na kushusha joto. Mayai ya kuku kwenye mashine yenye feni yanataka nyuzi 37.5 hivi, ukizidisha kidogo tu kwa muda mrefu vifaranga vinafia ndani ya ganda. Programu nikaiambia kidole kikigusa tu, badilisha namba. Nikampelekea mama mmoja mfugaji aijaribu, akataka kushusha, kidole kikatua kati ya batani mbili, namba ikapanda, akashtuka akagusa tena haraka haraka, ikapanda tena, kuja kuangalia tuko 38.1. Bahati mayai hayajaingia. Akanitazama akasema, "Mwanangu, mashine yako mbona ina pupa hivi?"

Na kweli ilikuwa na pupa. Fikiria rimoti ya TV gizani. Kidole kinapapasa kwanza, kinapita juu ya batani hii na ile, kikishajua kimefika ndo unaminya, kwa hiyo kuna kugusa na kuna kubonyeza, ni vitu viwili. Kwenye kioo hakuna cha kupapasa, kote ni laini, ukigusa umeshabonyeza, tena kidole chenyewe kinaziba kile unachotaka kukiona. Ujanja uliopatikana ni kusogeza uamuzi mpaka mwisho: kutua kidole kuwe ndo kupapasa, kuinua ndo kuwe kubonyeza. Katikati hapo una nafasi ya kuangalia rangi, kusogea, au kughairi kabisa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1988 pale Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, Potter, Weldon na Shneiderman walilinganisha njia tatu za kuchagua kitu kwenye skrini ya tachi, na ile ya kuchagua kwa kuinua kidole, huku skrini ikikuonyesha muda wote uko wapi (alama ilikaa juu kidogo ya kidole ili isizibwe), ndo ilikuwa na makosa machache zaidi. Halafu simu za tachi za kuteleza kidole zilivyokuja ikawa haina mjadala, maana kama kugusa tu kungetosha usingeweza kushuka kwenye orodha ya majina bila kumpigia mtu.

Basi nikabadilisha programu isubiri kidole kiinuke. Ikawa mbaya zaidi! Hivi viskrini vya bei rahisi siyo kama vya simu, vina matabaka mawili yanayogusana pale unapokandamiza, sasa kidole kikianza kulegea vipimo vinaanza kurukaruka, kwa hiyo ile sekunde ya mwisho ambayo mimi ndo nilikuwa naitegemea ilikuwa inasema uongo. Unabonyeza kutoa, unaachia, inajumlisha. Nililala nayo siku mbili. Dawa ikawa kutupa vipimo vichache vya mwisho na kutumia vile vya wakati kidole kimekandamiza vizuri, na kabla ya kukubali kwamba kimeinuka, programu isubiri ukimya wa milisekunde 50 hivi.

Kosa lingine lilikuwa saizi, hili lilikuwa uroho wangu tu. Kile kiskrini kina pikseli 320 (vile vidoa vidogo vinavyounda picha) kwenye upana wa kama milimita 58, na mimi batani zangu nilizipa pikseli 24, yaani milimita 4 na kidogo, kidole cha mtu anayeshika jembe kitaingia wapi hapo? Google wenyewe wanashauri milimita 9 hivi, kwa hesabu yangu ni pikseli 50. Nikazifikisha hapo, vitu vingine vyote nikavihamishia ukurasa wa pili, na mpaka leo yule mama hajawahi kuufungua.

Siyo kila kitu kinasubiri lakini. Kinanda cha kwenye simu kikisubiri uinue kidole wimbo umeharibika. Na vitu vya hatari ni bora visikae kwenye kioo kabisa, manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore mwezi Agosti 2017, wanamaji 10 wakafa, na moja ya mambo yaliyotajwa kwenye uchunguzi ni mfumo wa kuendeshea wenye skrini za tachi ambao mabaharia hawakuuelewa vizuri. Mwaka 2019 jeshi lao la majini likasema linarudisha nyenzo za kushika kwa mkono. Mimi swichi ya kuzima hita ni swichi ya kweli, nyekundu, inalia "tak".

Juzi nilipita kwa yule mama. Akaweka kidole, batani ikageuka njano, akaikodolea macho, akasema "aa, siyo hii," akateleza kidole nje taratibu. Hakuna aliyemfundisha.