Matabaka ya mipangilio: terminali inamsikiliza nani?

Programu nyingi za terminali (dirisha la kuandikia amri) hazina dirisha la kubofya mipangilio. Husoma mafaili ya maandishi, na mafaili hayo huwa zaidi ya moja: kuna la mashine nzima, kuna lako wewe, kuna la mradi. Yote yanaweza kutaja jambo lilelile na yasikubaliane. Utaratibu wa kuamua lipi lisikilizwe ndio matabaka ya mipangilio.

Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, inaonyesha hili vizuri. Kwenye Linux, faili la mashine nzima kwa kawaida ni /etc/gitconfig, na linamgusa kila anayetumia kompyuta hiyo. Kisha kuna ~/.gitconfig, lililo kwenye folda yako ya nyumbani. Ndilo linaloandikwa ukitumia git config --global. La tatu ni .git/config, ndani ya mradi wenyewe. Git huyasoma kwa mfuatano huo, na thamani iliyosomwa mwisho ndiyo inayoshika. Yaani faili lililo karibu zaidi na kazi ndilo lenye kauli. Sisi wa Dodoma, tuliozoea waraka wa wizara kuushinda wa halmashauri, tunahitaji muda kuizoea hali hii.

Chukua kijana aliyemaliza UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), amepanga chumba Ng'hong'onha, mchana yuko ofisini Mtumba na jioni anaendelea na miradi yake. Kwenye ~/.gitconfig ameweka baruapepe yake binafsi. Akiingia folda ya mradi wa ofisi na kuandika git config user.email bila --global, baruapepe ya ofisi inaingia .git/config na kutumika humo tu. Safi. Tatizo huja baadaye, akishasahau: anabadilisha baruapepe kwa --global, lakini komiti (mabadiliko anayoyahifadhi kwenye Git) za mradi ule zinaendelea kutoka na ile ya awali. Wengine hapo huanza kufuta Git na kuiweka upya, kazi isiyo na faida yoyote. Dawa ni amri hii:

git config --list --show-origin

Inataja kila mpangilio pamoja na faili ulikotoka. Kwangu mimi hii ingefundishwa siku ileile mtu anapofundishwa kuweka jina lake.

Kumbuka pia kwamba .git/config haisafiri. Mwenzako akivuta mradi kwa git clone, haji na mipangilio yako. Mkitaka timu nzima ipange msimbo kwa nafasi zilezile mwanzoni mwa mistari, wekeni faili la .editorconfig, linalosomwa na programu za kuandikia msimbo, kwenye mradi na mlikomiti kama mafaili mengine.

Bash, programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali, ina matata yake, maana si kila faili husomwa kila mara. Ukifungua dirisha la terminali kwenye Ubuntu, husomwa ~/.bashrc. Ukiingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali), Bash hutafuta ~/.bash_profile kwanza, na isipoliona huenda ~/.bash_login, kisha ~/.profile, ikipata moja haiendelei na mengine. Ndiyo maana aliasi (jina fupi la amri) iliyokuwa ikifanya kazi kwenye laptopu inaweza kukosekana kwenye seva hata kama umenakili .bashrc yako. Watu wengi huweka mstari ndani ya .bash_profile unaoita .bashrc, na mambo yanaisha. Ukihariri .bashrc, andika source ~/.bashrc, au fungua terminali mpya.

Vipande vya msimbo vilivyohifadhiwa kwenye VS Code, programu ya kuandikia msimbo, vile unavyoita kwa neno fupi, navyo vina tabaka lako na tabaka la mradi. La mradi hukaa kwenye folda ya .vscode, katika faili linaloishia na .code-snippets. Mipangilio ya kawaida ya VS Code hufunikana, ya mradi ikiishinda yako. Vipande havifunikani: viwili vyenye neno moja la kuitia hutokea vyote kwenye orodha, nawe unachagua.

Aliasi nazo hazifanani kila mahali. Bash inakuruhusu kuifunika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, kwa aliasi, na type ls itakuambia kama imefunikwa. Git haikubali mchezo huo: ukiweka alias.status, yaani aliasi yenye jina la amri yake ya status, inaipuuza kimyakimya na kuendesha status yake.