Je, wajua kwa nini mfupa wa sikioni huleta mvutano kati ya wazee na wanasayansi?

Ndani ya fuvu, pale sikio la ndani lilipojificha, pana kipande cha mfupa kigumu kuliko yote mwilini. Kwa ugumu wake huhifadhi vinasaba (DNA) karne kwa karne, hata kwenye joto hili la pwani linaloozesha kila kitu. Mtaalamu hukitoboa, akachukua unga wa kujaza ncha ya kijiko. Kwa watu wa maabara hilo si kitu. Lakini aliyesoma chuo cha Kurani Unguja au Pemba anaijua Hadithi ya Mtume iliyopokewa na mkewe, Bi Aisha, katika kitabu cha Abu Daud: kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai.

Basi ugomvi si wa elimu, ni wa namna mfupa unavyoshikwa. Mwanaakiolojia Profesa Chapurukha Kusimba na wenzake walilielewa hilo katika makaburi ya Waswahili kama ya Mtwapa, Kenya. Walizungumza na wenyeji kwanza, wakachukua sampuli, na mifupa ikazikwa tena msimu uleule. Utafiti wao wa watu 80 ulitoka mwaka 2023: wengi walikuwa na asili ya Afrika kwa upande wa mama, na ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba. Damu zilichanganyika kufikia mwaka 1000 hivi. Wanaojiita Washirazi, wanaosimulia kuwa asili yao ni Uajemi, walitabasamu, nao wana haki, ingawa simulizi zao huwasahau hao mama.

Pango la Kuumbi, Jambiani, ni kesi ngumu zaidi. Watu waliishi humo tangu miaka 20,000 hivi iliyopita, Unguja ikiwa bado imeungana na bara. Vinasaba vya mtu mmoja wa humo, wa miaka 1,400 hivi iliyopita, vilichapishwa mwaka 2017 pamoja na vya Pango la Makangale, Pemba. Alikuwa wa jamii ya wawindaji, kabla Uislamu haujaenea visiwani. Hadithi ile haimkingi moja kwa moja. Kinachomkinga ni mzimu, maana pango lenyewe hufukizwa ubani hadi leo, jambo ambalo masheikh wengi hawalitaki hata kulisikia. Mtafiti akifika na kibali cha serikali, sheha, kiongozi wa serikali mtaani, anaweza kukubali, mvyale anayetunza mzimu akakataa, na imamu akasema yeye halimhusu.