Rufaa ya kujeruhi na silaha: ninavyousoma mwenendo

Ndugu wa mfungwa wakija kwangu hapa Dodoma, wengi huanza na ugomvi wenyewe: ng'ombe wa nani waliingia kwenye mtama wa nani, na nani alitangulia kurusha fimbo. Nawasikiliza, maana yanauma. Ila swali langu la kwanza ni moja: hukumu ilisomwa lini?

Mtu aliyetiwa hatiani na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi ana siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu, kisha siku 45 za kuwasilisha petisheni ya rufaa. Muda wa kusubiri nakala za mwenendo (kumbukumbu za yote yaliyosemwa na kupokelewa kesi ikisikilizwa) na hukumu hauhesabiwi ndani ya zile 45, lakini zile 10 hazisubiri nakala yoyote. Aliyeko Isanga au gereza jingine hahitaji wakili kwa hatua hiyo. Amwambie afande, taarifa iandikwe, aweke sahihi au dole gumba, na gereza liifikishe mahakamani. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, ila lazima uwe na sababu ya msingi, na kutojua sheria haitoshi.

Aliyekiri kosa kwa hiari na bila utata hubaki na rufaa ya adhabu tu.

Mwenendo ukishapatikana, usome wote. Jaji wa rufaa ya kwanza ana wajibu wa kuupima ushahidi upya, ila anaupima kwenye karatasi. Shauri la kujeruhi likiwa limeunganishwa na la silaha ya moto, mimi naanza na mamlaka ya mahakama. Kumiliki gobore bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na sheria imeliweka kwenye kundi la uhujumu uchumi. Wateja wengi wanashangaa kusikia hivyo. Maana yake ni kwamba mahakama ya wilaya haiwezi kulisikiliza mpaka kuwe na kibali cha kushtaki na hati ya kuipa mamlaka, vyote kutoka upande wa Mkurugenzi wa Mashtaka. Na kosa hilo likichanganywa na la kawaida kama kujeruhi, hati hutolewa chini ya kifungu kidogo kingine, tofauti na kile cha kosa la uhujumu peke yake. Linganisha kibali, hati ya mamlaka na hati ya mashtaka, kifungu kwa kifungu. Mahakama ya Rufani imeshabatilisha mienendo kwa sababu nyaraka hizi zilikosekana au zilitaja kifungu kisichohusika.

Mwenendo kubatilishwa, hata hivyo, si kuachiwa huru. Mahakama inaweza kuamuru kesi ianze upya, ingawa haipaswi kufanya hivyo ili Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ipate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kwa hiyo yaonyeshe mapengo hayo pia.

Tafuta ukurasa ambapo PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu jeraha, ilipokelewa kama kielelezo. Je, hakimu ameandika kwamba ilisomwa kwa sauti baada ya kupokelewa? Kama haikusomwa, omba iondolewe kwenye kumbukumbu. Kisha rudi kwenye maelezo ya daktari kizimbani, kwa sababu ushahidi wake wa mdomo unaweza kuthibitisha jeraha hata fomu ikiondolewa.

Kwa gobore, angalia hati ya ukamataji: nani alisaini, shahidi huru alikuwepo, nani alilitunza hadi likafika mahakamani. Nakuonya usiitegemee hoja hii ya utunzaji peke yake, maana majaji huilegeza kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi, bunduki ikiwemo. Kama tukio lilikuwa usiku, hoja ya utambuzi ina nguvu zaidi: mwanga ulikuwa wa nini, umbali gani, kwa muda gani, na mlalamikaji alimtaja mshtakiwa mapema au siku kadhaa baadaye.

Kesi za shambulio zilizoamuliwa na mahakama ya mwanzo huenda kwanza mahakama ya wilaya, ndani ya siku 30.

Rufaa ikigonga mwamba Mahakama Kuu, taarifa ya kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30. Huko ni hoja za sheria tu, na sababu ya ushahidi uliyoiacha kwenye rufaa ya kwanza haitasikilizwa. Kwa hiyo kwenye petisheni ya kwanza naweka kila hoja inayosimama, na pembeni yake ukurasa wa mwenendo inakotoka.