Kumfuata mlowezi wa kike wa Kenya hadi kwao: shika cheti cha ndoa

Mlowezi wa kiume ana jina moja tangu ubatizo hadi kaburini. Mwanamke hubadilika kila anapoolewa, na hapo ndipo watafutaji wengi hukwama. Beryl Markham, rubani na mkufunzi wa farasi, alizaliwa Uingereza mwaka 1902 akiwa Clutterbuck. Aliolewa na Purves mwaka 1919, na Markham mwaka 1927, kisha na Schumacher mwaka 1942. Alipofariki Nairobi mwaka 1986 bado alikuwa akijulikana kwa jina la mume wa pili. Idina Sackville, mlowezi mwenzake, yeye aliolewa mara tano kati ya 1913 na 1939. Hao ni watu maarufu, habari zao zimeshachambuliwa. Kwa mke wa mkulima wa kawaida wa Nakuru au Trans Nzoia, kazi ya kuunganisha majina hayo ni yako.

Kwanza, jihadhari na herufi za mwanzo. Ukikuta "Mrs. J. R." likifuatwa na jina la ukoo, kwenye Gazeti Rasmi la Serikali au orodha ya wanachama wa East African Women's League (chama kilichoanzishwa 1917), hizo J na R ni za mume. Watu hupoteza wiki nzima wakimsaka Jane asiyekuwepo, wakati mke anaitwa Dorothy. Akifiwa na mume, mara nyingi huendelea kutumia herufi zile zile. Kwa kawaida zikianza kuandikwa herufi zake mwenyewe ujue kumetokea jambo: talaka, ndoa mpya, au hati ya kisheria iliyodai jina lake kamili.

Mimi huanza na kifo, kisha narudi nyuma. Gazeti Rasmi lilianza kuchapishwa mwaka 1899, na matoleo mengi ya zamani sasa yanasomeka mtandaoni. Tafuta matangazo ya mirathi: hutaja marehemu, mahali alipokuwa akiishi, na msimamizi wa mali. Usitegemee mashine ya kutafuta maneno peke yake, maana chapa ya zamani husomwa vibaya na majina ya Kizungu huharibika. Ukishajua mwaka, pitia matoleo ukurasa kwa ukurasa.

Kama aliacha mali Uingereza pia, angalia kalenda ya mirathi ya Uingereza na Wales, yaani orodha ya kila mwaka ya mirathi iliyothibitishwa, inayoanzia 1858. Tangu sheria ya 1892, hati ya mirathi iliyotolewa katika koloni iliweza kugongwa muhuri upya London ili itumike huko, ndiyo maana utakuta mtu wa Nairobi au Eldoret katika kalenda hiyo. Wosia wenyewe una thamani kuliko kalenda. Na usisome wake tu. Wosia wa baba yake, au wa kaka ambaye hakuoa, ndio unaoandika "binti yangu fulani, mke wa fulani, wa British East Africa", yaani Kenya ya kabla ya 1920. Sentensi moja ya namna hiyo inaunganisha jina la kwao na jina la mume, na imeandikwa na mtu aliyemjua.

Sasa cheti cha ndoa. Cheti cha Uingereza na Wales, kuanzia Julai 1837, kina tarehe, majina, umri, hali ya ndoa, kazi, makazi, na jina na kazi ya baba wa kila upande. Mama hakutajwa hadi 2021. Safu ya kusoma kwa makini ni ile ya hali ya ndoa. Ikisema mjane, jina unaloliona pale si la kwao bali la mume aliyetangulia, hivyo lililo la kuzaliwa litazame kwenye safu ya baba. Safu ya umri nayo hudanganya: "full age" maana yake ni miaka 21 au zaidi tu, anaweza kuwa na 22 au 50.

Ukikosa cheti cha ndoa, tumia cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Chini ya jina la mama kuna maneno mawili madogo. "Formerly" hutangulia jina la kuzaliwa. "Late" hutangulia jina la ndoa iliyopita. Mama aliyeandikwa "Brown, late Jones, formerly Smith" alizaliwa Smith, akaolewa na Jones, sasa ni mke wa Brown. Nasaba nzima iko ndani ya mstari mmoja, na wanaonakili faharasa huuacha.

Akiwa Mskoti, shukuru. Vyeti vya Scotland, tangu 1855, vya ndoa hutaja mama pamoja na jina la kwao, na vya kifo hutaja wazazi wote wawili.

Makaburu ni habari nyingine kabisa. Kundi kubwa la msafara wa Van Rensburg, lililotoka Afrika Kusini, lilishukia Mombasa mwaka 1908 na kupanda hadi Uasin Gishu. Wanawake hao usiwatafute London. Nyaraka za mirathi za Afrika Kusini zina fomu ya taarifa ya kifo inayoomba mahali pa kuzaliwa, wazazi, wenzi wa ndoa na watoto. Kanisa lao pia liliandika jina la kuzaliwa la mwanamke. Kuna na desturi ya majina: binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa mama. Si ushahidi, ila hukuambia uanzie wapi.

Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza, 1890 hadi 1960, ziko kwenye makavazi ya taifa ya Uingereza, Kew, London, katika mfululizo wa BT 27. Zina mapengo ambayo wengi hawayajui. Aliyekwenda kwa treni hadi Marseille akapandia meli huko hamo. Aliyetoka Durban au Bombay hamo pia. Meli za Kijerumani zilizofika Mombasa kabla ya 1914 zina orodha zake Hamburg. Kwa hiyo jina likikosekana, usihitimishe kwamba hakusafiri mwaka ule.

Mipaka nayo ina mitego. Naivasha na Kisumu zilikuwa chini ya Uganda hadi Aprili 1902, basi barua za kabla ya hapo zitafute kwenye majalada ya Uganda. Kenya haikuitwa koloni hadi 1920. Kisumu ilikuwa Port Florence, Eldoret ilikuwa Sixty-Four, Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls, Murang'a ilikuwa Fort Hall. Uandikishaji wa vizazi na vifo vya Wazungu ulianza 1904. Kabla ya hapo tegemea rejista za makanisa, na humo soma majina ya wasimamizi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa: dada wa bibi harusi hujitokeza sana pale, akiwa bado na jina la kwao.

Talaka msizidharau. Majalada ya mahakama ya London, mfululizo wa J 77, yamehifadhiwa karibu yote kuanzia 1858 hadi 1937, na ombi la talaka hutaja tarehe na mahali pa ndoa, watoto na kila nyumba walimoishi.

Mwisho kuna ardhi. Wazee waliofanya kazi shambani, au watoto wao, watakutajia mama huyo kwa jina la utani tu, tena la kuchekesha. Liandike lilivyo, kisha uliza mto, kilima na jirani. Kutokana na hayo unapata shamba kwenye ramani ya upimaji, na ramani inakupa namba ya L.R., yaani namba ya usajili wa ardhi (Land Reference). Kwa namba hiyo utafute hati. Kama shamba liliandikwa kwa jina lake, hati ya uhamisho humweleza kwa jina kamili na hali yake, mjane au mke wa nani, na chini kuna sahihi yake. Ilinganishe na ile ya kwenye rejista ya ndoa.