Je, wajua kwa nini saini mbili za Kareem Abdul-Jabbar hazina bei moja?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nyota akishatundika viatu, saini yake hupanda bei. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: mchezo umekwisha, saini mpya hazitoki, basi zilizopo zinakuwa adimu. Niliamini pia kwamba aliyefunga pointi nyingi zaidi ndiye mwenye saini ghali zaidi. Nilikosea kotekote, na aliyenifungua macho ni Kareem Abdul-Jabbar, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani.

Kwa ufupi: alizaliwa New York mwaka 1947 akiitwa Lew Alcindor, akarefuka hadi sentimita 218, akacheza misimu 20 ya NBA, ligi kuu ya mchezo huo Marekani, kuanzia 1969 hadi 1989, kwanza timu ya Milwaukee Bucks, kisha Los Angeles Lakers. Alitwaa ubingwa mara 6 na tuzo ya mchezaji bora wa msimu mara 6, idadi ya tuzo hiyo ambayo hakuna mwingine aliyeifikia. Pointi zake 38,387 zilibaki rekodi hadi Februari 2023, LeBron James alipoipita.

Turudi kwenye kosa langu la kustaafu, maana ndilo kubwa. Mchezaji aliye kazini husaini kwa haraka, akitoka uwanjani kuelekea kwenye basi, watu wawili watatu wanabahatika. Aliyestaafu ana muda. Huketi mezani, mipira imepangwa mbele yake, kalamu moja ikiisha anapewa nyingine, na kila saini inalipiwa. Kustaafu hakufungi bomba, hulifungua. Kinachofunga bomba ni kifo, au mtu kukataa. Bill Russell, bingwa mara 11 ndani ya misimu 13 na Boston Celtics, alikataa kusainia mashabiki kwa miaka mingi. Aliona kupeana mkono na kuzungumza kidogo kuna maana zaidi. Baadaye alilegeza msimamo, lakini saini zake za enzi za uchezaji zilikwisha kuwa chache.

Fikiria ndoo mbili za maji. Moja imetekwa mtoni wakati wa masika, nyingine kisimani katikati ya ukame. Ujazo ni uleule, maji ni yaleyale, lakini ndoo ya pili ina wagombea kumi. Anayeuliza bei ya saini kwa kuhesabu pointi za mchezaji anapima ujazo wa ndoo. Anayefaa kuuliza ni yule anayetaka kujua ilitekwa lini, na ndoo nyingine ngapi zilitekwa siku hizo.

Hapo ndipo jina linapoingia. Bucks walitwaa ubingwa tarehe 30 Aprili 1971, na kesho yake nyota wao, aliyekuwa amesilimu miaka michache kabla, akalichukua hadharani jina la Kareem Abdul-Jabbar. Maana yake alicheza NBA kama Lew Alcindor kwa misimu 2 tu, baada ya miaka yake ya chuo kikuu cha UCLA. Misimu 18 iliyobaki, pamoja na miaka yote ya kustaafu, ni ya Kareem. Mkono ni mmoja, lakini dirisha la jina la kwanza ni jembamba mno, na wakusanyaji huligombea. Jina linafanya kazi ya muhuri wa posta: linasema barua ilipita lini. Hakeem Olajuwon, nyota wa timu ya Houston Rockets, naye ana muhuri wake. Hadi mwaka 1991 jina lake liliandikwa Akeem, bila H, kwa hiyo herufi moja tu inatenganisha miaka yake ya mwanzo Houston na ile ya ubingwa wa 1994 na 1995.

Muhuri lakini hughushiwa. Katika miaka ya 1990 FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walichunguza saini bandia za wanamichezo wa Chicago, Michael Jordan akiwemo, na uchunguzi uliofuata ukafichua mtandao mkubwa uliouza mpaka mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Vitu vingi vilikuja na vyeti vya uthibitisho, navyo bandia. Ndiyo maana wakaguzi huanza na wino wenyewe. Mtu anayeandika jina lake huenda mbio, kalamu hutua ikiwa tayari inatembea na kuinuka kabla haijasimama, hivyo ncha za herufi huwa nyembamba. Anayeiga huchora. Mstari hutetemeka kidogo, na mahali alipotua kuwaza pana kidoa. Kwenye ngozi ya mpira wa kikapu, yenye vipele, hata saini halali hukatikakatika, kwa hiyo kazi hii huwa ngumu kuliko kwenye karatasi.

Ushahidi imara zaidi ni njia ambayo kitu kimepita. Machi 2019 Abdul-Jabbar mwenyewe aliuza kwa mnada pete zake 4 za ubingwa, tuzo na vitu vingine, jumla ikakaribia dola milioni 3 za Marekani. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwa wakfu wake wa Skyhook, unaowasaidia watoto kujifunza sayansi na hisabati. Mpira wa mechi yake ya mwisho ya msimu wa kawaida wa 1989, wenye saini yake, ulifika kama dola 270,000. Saini hiyo ni ya Kareem, jina lenye saini tele, lakini mpira ule ni mmoja tu duniani na ulitoka mikononi mwake.

Kwa upande mwingine, jina la zamani pekee halithibitishi tarehe, maana hakuna kinachomzuia mtu kuandika jina alilozaliwa nalo. Ukiletewa mpira ulioandikwa Lew Alcindor, ugeuze. Mipira rasmi ya NBA huchapwa saini ya kamishna wa ligi, na David Stern alishika wadhifa huo Februari 1984. Ukikuta jina la Stern limechapwa hapo, basi aliyeandika Lew Alcindor, awe ni yeye mwenyewe au mghushi, aliandika angalau miaka 12 baada ya jina hilo kuachwa.