Opioidi kwenye korodani? Ndio, zipo, na wala sio unga

Ukitaja opioidi, yaani kemikali za jamii ya mofini, akili za watu zinakimbilia unga wa mtaani au sindano ya mofini wodini, sasa ukiongeza kwamba zipo pia kwenye korodani za madume ya mamalia, kuanzia panya mpaka mimi hapa ninayeandika, unaonekana umechanganyikiwa. Maneno ni mengi kwenye hili, ngoja niyachukue moja moja.

Wanasema: opioidi ni kitu cha nje, mwilini hakipo.

Kipo bana. Mwili unatengeneza zake, zinaitwa endofini, enkefalini na dinofini. Ni peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, enkefalini ina asidi amino 5 tu na beta-endofini ina 31 (hii ya pili Choh Hao Li aliipata 1976 kwenye tezi za ubongo wa ngamia, ngamia kabisa huyu huyu tunayemjua). Mofini ya kasumba kikemia ni kitu kingine, ila inaingia kwenye vipokezi vilevile, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali hizo, kama ufunguo wa jirani ambao kumbe unafungua na kufuli lako.

Wanasema: haya ni mambo ya ubongo, huko chini zinatafuta nini.

Hapa ndio napapenda kuliko pote. Miaka ya 70 kule Aberdeen, Scotland, John Hughes na Hans Kosterlitz walikuwa wanatafuta mofini ya mwili wenyewe, na kifaa chao kikubwa cha kupimia kilikuwa mrija wa mbegu wa panya dume, ule unaosafirisha mbegu kutoka kwenye korodani. Unautundika kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, unaupiga shoti ndogo ya umeme, unajikunja, shoti nyingine unajikunja tena, na kila ukijikunja kalamu inachora mlima kwenye karatasi. Weka mofini, milima inafifia kwa sababu neva zinapunguza kemikali ya kuamrisha msuli. Weka naloksoni, ile dawa ya kuzuia opioidi, milima inarudi. Basi wakaweka maji yaliyokamuliwa kutoka ubongo wa nguruwe, milima ikafifia vilevile na naloksoni ikairudisha, wakajua wamepata, na 1975 wakatangaza enkefalini. Halafu kuna kipokezi kinaitwa delta, watu wanadhani ni herufi tu ya Kigiriki imechaguliwa hivi hivi, kumbe ile D ni ya "deferens", jina la kitaalamu la huo huo mrija.

Na sio kwamba zinapita njia tu. Kwenye korodani za panya seli za Leydig, ndizo zinazotengeneza testosteroni, zinatoa na beta-endofini, na panya akiwa mdogo hiyo beta-endofini inazipunguzia kasi ya kuongezeka seli za Sertoli, zile zinazolea mbegu. Mbegu za binadamu nazo zina vipokezi vyote vitatu, mu, delta na kapa, hilo lilionyeshwa 2006.

Wanasema: tramadoli, dawa ya maumivu ambayo nayo ni opioidi, inaongeza nguvu za kiume.

Hii ya vijiweni inaumiza watu. Kuchelewesha mtu kumaliza inaweza kweli, lakini kuchelewa sio nguvu. Angalia mnyororo wenyewe: ubongo unatoa homoni ya GnRH kwa mapigo, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo inajibu kwa homoni nyingine, LH, LH inaziambia seli za Leydig zitengeneze testosteroni. Opioidi inakaba pale juu kabisa. Mwili wenyewe una breki yake hapo, kuna seli za ubongo, kwa kondoo zilielezwa 2007, zinazobeba kispeptini ambayo ni kama pedali ya mafuta ya gari na dinofini ambayo ni kama breki, kwahiyo seli moja ina pedali zote mbili na inakanyaga kwa zamu. Wewe ukimeza opioidi kila siku umeegesha tofali juu ya breki. LH inashuka, testosteroni inashuka, hamu inaondoka, na jogoo anaanza kugoma kupanda mtungi, afu mtu anaongeza dozi akidhani dawa imeisha nguvu!

Ila kama uko kwenye methadoni, opioidi wanayopewa hospitalini watu wanaoacha unga, kama wale wa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako huduma hiyo ilianza 2011, usiiache kienyeji kwa sababu ya niliyoandika hapa, inaokoa maisha yako. Mwambie daktari hali halisi akupime testosteroni, na kipimo kinafanywa asubuhi maana ndio muda inapokuwa juu.

Wanasema: basi kama ni breki bora zisingekuwepo.

Hapana. Panya madume waliotolewa kipokezi cha mu walipunguza kupandana, mbegu zikapungua na mwendo wake ukadorora. Gari bila breki nalo haliendi popote pazuri.

Wanasema: kama zipo kwenye shahawa basi shahawa inalevya.

Nimeulizwa hili kweli na mtu mzima kabisa. Enkefalini zimo kwenye shahawa ndio, ila shahawa hiyo hiyo imejaa vimeng'enya vinavyozikatakata, kwahiyo zinavunjwa humo humo.